Kisia Kwanza, Kisha Buruta: Mwongozo wa Kuchunguza Hisabati kwa Kompyuta Darasani

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa hisabati wa sekondari aliyeko Dodoma mjini, Kongwa, Bahi, Mpwapwa, au Manyoni upande wa Singida, mwenye kompyuta mpakato moja, au nne tano za zamani, darasa la wanafunzi 60, na intaneti inayopatikana pale tu kifurushi cha simu kinaporuhusu. Hivyo vinatosha. Shida huanza pale mwalimu anapowasha mashine, umbo linazunguka ukutani, darasa linaguna kwa mshangao, kengele inalia. Mwanafunzi aliyetazama bila kukisia ametazama sinema.

Kwa hiyo kanuni moja inatawala hatua zote hapa chini: hakuna anayegusa kipanya kabla kisio lake halijaandikwa daftarini. Liandikwe kwa kalamu ya wino. La penseli hufutwa kimyakimya jibu linapoonekana, na kisio lililokosewa ndilo mali ya somo hili.

Programu na flashi

Unahitaji programu mbili, zote za bure kwa matumizi ya shule. Ya kwanza ni GeoGebra, iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter huko Salzburg, Austria, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ni ya maumbo na grafu, na vitu vyake vimefungamana: ukisogeza nukta, kila kilichojengwa juu yake kinasogea nayo. Ya pili ni ya majedwali, yaani LibreOffice Calc, au Excel kama tayari imo kwenye mashine.

Chukua GeoGebra Classic 5, hasa toleo lake la kubeba lisilohitaji kusakinishwa. Ni folda tu. Unainakili kwenye mashine, unaifungua, inafanya kazi bila intaneti na bila nywila ya msimamizi. Kwenye maabara ambayo aliyeweka nywila alishahama shule, huo ni ukombozi. Classic 6 ni mpya zaidi, lakini kwenye mashine yenye RAM ya GB 2 inajikongoja.

Beba flashi mbili. Moja ni ya kutoa: ina programu na mafaili yako, na hairudishiwi kitu. Nyingine ni ya kukusanyia kazi za wanafunzi. Virusi vinavyogeuza mafolda kuwa njia za mkato vinapenda sana maabara za shule, na mwenye flashi moja hupoteza muhula mzima siku moja.

Ukiifungua GeoGebra kwa mara ya kwanza, nenda kwenye Options, weka Font Size 24 ili wa dawati la nyuma asome, na Rounding iache kwenye tarakimu mbili za desimali. Washa gridi. Hifadhi mipangilio hiyo, la sivyo utaipanga upya kila asubuhi.

Umeme, vumbi na jua

Piga hesabu ya umeme kabla hujaahidi kipindi. Betri ya volti 12 na Ah 100 ina Wh (wati-saa) 1,200. Usiitumie zaidi ya nusu, maana betri ya risasi inayokaushwa mara kwa mara hufa mapema. Zinabaki 600, na inveta inakula kama asilimia 15, unabaki na Wh 510 hivi. Kompyuta mpakato ya wati 50 pamoja na televisheni ya inchi 43 ya wati 80 zitakwenda karibu saa nne. Weka projekta ya wati 300 mahali pa televisheni, na betri ileile haifiki saa moja na nusu. Ndiyo maana kwa shule yenye umeme wa kubahatisha televisheni yenye waya wa HDMI ni bora kuliko projekta, hata kama projekta inaonekana ya kifahari. Isitoshe, jua la Dodoma linaila picha ya projekta. Kama hiyo ndiyo uliyo nayo, fundisha vipindi vya asubuhi, elekeza picha kwenye ukuta ulio upande mmoja na madirisha, si unaoyatazama, na funga kanga mbili dirishani.

Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo na vumbi ni adui mkubwa kuliko virusi. Feni ya kompyuta huvuta vumbi, vumbi linaziba njia ya hewa, mashine inapata joto na kujipunguza kasi yenyewe. Mwalimu anadhani imezeeka. Iweke juu ya meza tupu, kamwe si juu ya kitambaa. Sakafu inyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa, mashine zikiwa zimefunikwa. Ila usifunike mashine ya moto: iache ipoe dakika kumi kwanza.

Lugha

Vitabu na mtihani ni Kiingereza, lakini ubishi wa kweli wa wanafunzi ni Kiswahili, na pengine Kigogo kidogo pembeni. Acha wabishane kwa lugha inayowatoka. Gawa ubao mara mbili: kushoto andika neno la Kiswahili wanalolitumia, nukta ya katikati, mistari ya ulalo, msambamba, na kulia istilahi ya mtihani: midpoint, diagonals, parallelogram. Kisio liandikwe kwa lugha yoyote. Hitimisho la mwisho wa kipindi liandikwe kwa ile ya mtihani. Ukilazimisha Kiingereza tangu mwanzo utapata kimya, na kimya hicho utakisoma vibaya ukidhani hawaelewi hisabati.

Mpangilio wa dakika 80

Kipindi kimoja cha dakika 40 hakitoshi. Mpaka mashine ziwake na makundi yatulie, robo imeshapita. Omba viwili vilivyofuatana. Dakika 10 za swali na mchoro wa mkono, 5 za kisio, 30 za kompyuta, 20 za mabishano mashine zikiwa zimefungwa, na 15 za uthibitisho ubaoni. Ukiwa na kompyuta tano, makundi kumi ya watu sita hupokezana: matano dakika 15 za mwanzo, matano dakika 15 za pili, wanaosubiri wakichora kwenye karatasi za miraba. Ukiwa na moja, iunganishe na televisheni na kila kundi limtume mjumbe wake kwa zamu.

Ndani ya kundi kuna kazi tatu. Mshika kipanya hasogezi kitu mpaka wenzake wamwagize. Mwandishi ananakili kinachoonekana, si kinachotarajiwa. Mbishi kazi yake ni kutafuta mfano utakaoharibu kisio la kundi. Badilisheni kila baada ya dakika tano, na wewe mwenyewe usimamie zamu, kwa sababu bila usimamizi kipanya hukaa mkononi mwa mvulana yuleyule tangu mwanzo hadi mwisho, na wasichana wanageuzwa makarani.

Uchunguzi wa kwanza: pembenne na nukta zake za katikati

Huu unafaa Kidato cha Pili na kuendelea. Swali: chora pembenne yoyote, weka nukta katikati ya kila upande, unganisha nukta hizo kwa mfuatano. Umbo la ndani ni la aina gani?

Kwanza karatasi na rula. Kila mwanafunzi achore pembenne yake, ya ovyo kadiri awezavyo. Kisha kisio, kwa maswali matatu: nje ikiwa pembenne ya ovyo, ndani itakuwa nini? Nje ukiwa mstatili? Nje ikiwa rombasi? Wengi wataandika "ovyo, mstatili, rombasi". Waache. Hata wale ambao tayari wameuona msambamba kwenye karatasi yao watasema ni bahati.

Sasa mashine.

1. Chagua zana ya Polygon. Bofya (0, 0), (8, 0), (6, 6), (2, 4), kisha rudi ubofye (0, 0). Bila kubofya tena nukta ya kwanza umbo halifungi. Hili ndilo kosa namba moja, na mwanafunzi hudhani mashine imeganda. Dawa ni kitufe cha Esc na kuanza upya.

2. Mpangilio huo wa nukta unakwenda kinyume na mwendo wa saa. Ushike kama desturi, kwa sababu zana ya pembe hupima kinyume na mwendo wa saa. Ukizungukia upande mwingine, pembe ya digrii 90 itasomeka 270.

3. Chini ya zana za nukta chagua Midpoint or Center, bofya kila upande mara moja. Zitatokea E, F, G na H.

4. Rudi kwenye Polygon, unganisha E, F, G, H, na umalizie kwa E.

5. Tazama orodha ya kushoto. Pembenne ya nje ina eneo 30, ya ndani 15. Usiseme chochote. Subiri mtu aone.

6. Bonyeza Esc upate mshale, na waambie: buruteni ncha yoyote mpaka umbo la ndani liache kuwa msambamba.

Agizo hilo la mwisho ndilo lenye uzito. "Buruteni muone" huzaa kuchezea. "Buruteni mpaka livunjike" huzaa uchunguzi. Watavuta ncha mpaka pembenne ibonyee kwa ndani, na msambamba unabaki, na eneo linabaki nusu. Kisha mmoja atavukisha upande juu ya upande mwenzake, umbo lijikate kama tai ya shingoni: msambamba bado upo, lakini eneo la umbo la nje halieleweki tena kama mwanzo. Hapo pana swali zuri kwa kundi lililotangulia: eneo la umbo lililojikata maana yake nini?

Halafu mstatili. Peleka ncha kwenye (0, 0), (8, 0), (8, 4) na (0, 4). Ndani panatokea rombasi, pande zote 4.47. Nje ikiwa rombasi, ndani panakuwa mstatili. Makisio mawili kati ya matatu yameanguka kwa darasa karibu zima, na sasa ndipo wanapotaka kujua kwa nini.

Zima skrini. Ubaoni chora ABCD na ulalo AC. Katika pembetatu ABC, mstari unaounganisha nukta za katikati za AB na BC ni sambamba na AC na ni nusu yake. Katika pembetatu ADC, vilevile kwa DC na AD. Basi pande mbili zinazotazamana za umbo la ndani zote ni sambamba na AC na zinalingana: ni msambamba, imekwisha. Ulalo wa pili unaamua mengine. Mstatili una mistari ya ulalo inayolingana, ndiyo maana pande zote za ndani zinalingana. Rombasi ina mistari ya ulalo inayokatana kwa digrii 90, ndiyo maana pembe za ndani ni za mraba. Jambo hili linaitwa kwa jina la Mfaransa Pierre Varignon, lilichapishwa mwaka 1731, miaka tisa baada ya kifo chake. Kazi ya nyumbani: tafuta pembenne ambayo si mraba, lakini umbo lake la ndani ni mraba. Haihitaji kompyuta.

Mambo mawili yatakayokukwamisha hapa. La kwanza ni mraba wa macho. Mwanafunzi anaweka nukta nne mpaka umbo lionekane mraba, halafu akivuta ncha moja linakuwa kitu kingine. Usimkemee. Mwonyeshe tofauti ya umbo lililochorwa na lililojengwa: mraba uliojengwa kwa mistari inayokatana kwa digrii 90 na duara, au kwa zana ya Regular Polygon, unabaki mraba hata ukiuvuta. Jaribio la kuburuta ndilo mtihani wa ujenzi.

La pili ni ukadiriaji wa desimali. Ukipima pembe za pembetatu, siku moja skrini itaonyesha 61.11, 57.22 na 61.66, na mwenye akili atajumlisha apate 179.99. Darasa litakugeukia. Pembe halisi ni kama 61.114, 57.224 na 61.662, kila moja imekatwa mkia wake, na mikia hiyo ndiyo ile 0.01 iliyopotea. Ongeza Rounding hadi tarakimu tano mbele yao, wajionee. Hii si aibu ya kufichwa. Ni somo zima la ukadiriaji lililojileta lenyewe.

Uchunguzi wa pili: zizi la mbuzi

Mfugaji wa Chamwino ana waya wa mita 40. Anataka zizi la mstatili, upande mmoja ukiwa ukuta wa nyumba ambao hauhitaji waya. Vipimo vipi vitampa eneo kubwa kuliko yote?

Kisio la karibu kila mtu: mraba, kwa sababu walishaambiwa mahali fulani kwamba mraba ndio mkubwa. Waandike, na wapige hesabu ya mraba huo kwa mkono: pande tatu za waya, kila moja mita 13.33, eneo kama mita za mraba 177.8. Namba hiyo ibaki kwenye kona ya ubao.

Fungua jedwali jipya. Kwenye A1 andika Upana, B1 Urefu, C1 Eneo. Urefu wa waya, 40, uweke kwenye E1 peke yake. Kisha A2 weka 1; A3 weka =A2+1; B2 weka =$E$1-2*A2; C2 weka =A2*B2. Shika kona ndogo ya chini kulia ya seli ya A3 uivute hadi A20, halafu chagua B2 na C2 kwa pamoja uzivute hadi mstari wa 20.

Alama za dola ndizo zinazoikaza seli ya E1 isihame unapovuta. Mwanafunzi akizisahau, mstari wa kwanza utakuwa sahihi na wa pili utaonyesha urefu wa -4 na eneo la -8, kwa kuwa fomula imeshuka hadi E2 ambayo haina kitu. Mwachie kwanza aulize: zizi lenye urefu hasi likoje? Kosa la fomula linalotambuliwa kwa kufikiria zizi linakaa kichwani kuliko maelezo yoyote ya alama ya dola. Kosa jingine la hapa ni kuandika 1/2 kama kipimo. Programu huigeuza kuwa tarehe. Iandikwe =1/2 au 0.5.

Sasa wasome safu ya C: 38, 72, 102, 128, 150, 168, 182, 192, 198, 200, 198, 192... Kilele ni 200, upana 10, urefu 20. Kimeushinda mraba kwa zaidi ya mita 22 za mraba. Usikimbilie grafu. Kaeni kwenye namba. Kwenye D3 andika =C3-C2 na uivute chini: 34, 30, 26, 22, 18, 14, 10, 6, 2, -2. Tofauti ya tofauti ni -4 kila mara. Uliza kama -4 hiyo itabadilika waya ukiwa mita 60. Wakishaandika kisio, badilisha E1 tu; jedwali zima linageuka, kilele kinahama hadi upana 15, na -4 inabaki palepale. Inatoka wapi? Anayeandika eneo kama x(40 − 2x) na kuona −2x² ameshafika.

Je, kilele ni 10 kamili au ni 10 na nukta fulani? Rudisha 40, A2 weka 9, A3 weka =A2+0.1 na uivute tena hadi A20. Kwenye 9.9 na 10.1 eneo ni 199.98 pande zote mbili. Ulinganifu huo ndio unaoshawishi. Grafu ifuate sasa, na wachague aina ya XY, siyo ya mstari wa kawaida. Ile ya kawaida huchukulia upana kama data nyingine na kuchora mistari miwili isiyo na maana.

Uthibitisho unaopendeza kuliko wote hauhitaji aljebra. Fikiria ukuta ni kioo. Zizi na kivuli chake ng'ambo ya kioo kwa pamoja ni mstatili mmoja uliozungushiwa mita 80 za waya. Mstatili mkubwa kuliko yote wenye mzingo 80 ni mraba wa 20 kwa 20. Ukate katikati kwa kioo: 10 kwa 20. Wanafunzi waliosema mraba hawakuwa mbali. Waliuona mraba ila waliusahau upande wa pili wa ukuta. Waambie hivyo kwa sauti.

Uchunguzi wa tatu: kanuni inayodanganya mara ya 41

Huu ni wa kuwafundisha kutoiamini mashine, na usiruke. Chukua n² + n + 41, ya ukoo mmoja na kanuni za Leonhard Euler wa karne ya 18. Kwa n = 0, 1, 2, 3, 4, 5 inatoa 41, 43, 47, 53, 61, 71. Zote namba tasa. Kisio: je, itatoa namba tasa daima?

Kwenye jedwali, safu A iwe n kuanzia 0 kwenye A2 hadi 40 kwenye A42. B2 ni =A2*A2+A2+41. C2 ihesabu ni namba ngapi kati ya 2 na 40 zinaigawa B2 bila baki:

=SUMPRODUCT(--(MOD(B2,ROW($A$2:$A$40))=0))

Alama ya kutenganisha vipande ndani ya mabano hutegemea mpangilio wa mashine: nyingine hutaka mkato, nyingine nukta-mkato. Ukipata neno la kosa mahali pa jibu, badilisha hiyo kwanza.

Vuta hadi chini. Safu ya C yote ni sifuri, mpaka mstari wa mwisho, n = 40, namba 1681. Darasa litashangilia: imethibitika. Acha washangilie kidogo. Kisha andika IsPrime(1681) kwenye GeoGebra. Jibu ni false.

Mashine ipi inaongopa? Hakuna. 1681 ni 41 × 41, na jedwali liliambiwa lipime hadi 40 tu. Kwa namba zote zilizo juu yake kwenye jedwali, mpaka 1601, kupima hadi 40 kulitosha, kwa sababu kipeo cha pili cha 40 ni 1600 na namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo kisichozidi kipeuo chake. Kwa 1681 hakukutosha, kwa namba moja tu. Na aliyetazama kanuni badala ya skrini angeliona mapema: 40² + 40 + 41 ni 40 × 41 + 41. Sasa waulize kuhusu n = 41, bila kompyuta. Aliyejibu 41 × 43 kwa kichwa amepata somo la siku.

Dadu, na mvua, kwa ufupi

Dadu mbili zinafaa dakika 40 tu. Kisio: kati ya jumla za 2 hadi 12, ipi hutokea zaidi? Warushe kwanza dadu za kweli, jozi 30 mara 20 kila jozi, mpate mirusho 600. Kisha =RANDBETWEEN(1,6) kwenye A2 na B2, jumla kwenye C2, mistari 1,000, na =COUNTIF(C2:C1001,7). Kila ukibonyeza F9 namba inabadilika. Inazungukia 167, mara nyingi ikiwa kati ya 143 na 190. Ukianza na kompyuta kabla ya dadu za mkononi, watadhani namba hizo zimepangwa.

Kwa wastani na mediani, tumia mvua. Dodoma hupata kati ya milimita 550 na 600 kwa mwaka, karibu yote Desemba hadi Aprili. Ukigawa kwa 12 unapata wastani wa milimita 46 hadi 50 kwa mwezi, na hakuna mtoto wa mkulima atakayekubali kwamba Agosti ilipata hiyo. Mediani inatoka ndogo mno. Yupi anasema kweli kwa mtu anayepanda alizeti?

Daftari na maksi

Kila uchunguzi uchukue ukurasa mmoja wenye mistari minne: Swali, Kisio langu na sababu, Nilichokiona, Kwa nini iko hivyo. Toa maksi 10: mbili za kisio lenye sababu hata likiwa limekosewa, tatu za kumbukumbu safi ya kilichoonekana, tano za "kwa nini". Ukitoa maksi kwa kisio sahihi, wiki ijayo watayaandika makisio baada ya kuona skrini. Anayejibu "kwa sababu kompyuta imeonyesha" kwenye mstari wa nne apate sifuri ya mstari huo, na asomewe sababu.

Umeme ukikatika katikati

Utakatika. Kabla ya kipindi, chapisha karatasi mbili: picha nne za pembenne iliyoburutwa kwa namna tofauti, na jedwali la zizi lenye safu ya C tupu. Yagawie makundi jedwali hilo, mistari mitano mitano, wajaze kwa mkono. Watu 60 hulimaliza jedwali la mistari 19 kwa dakika tatu, haraka kuliko kuisubiri mashine iwake tena. Wafundishe pia kubonyeza Ctrl na S kila baada ya hatua, na jina la faili libebe kidato, kundi na tarehe, mfano zizi_k3_kundi4_0906, kwa sababu mafaili kumi yenye jina "Untitled" kwenye flashi moja yatakulazimu kuyafungua yote kumi usiku.